Usibomoe nyumba ya baba kabla hujapanda juu ya bati

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga mjini. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba vitatu Makorora, aliijenga mwaka 1986 kwa tofali za saruji za inchi tano. Bati limeoza, mchana ndani hakukaliki, na ukuta unatoa chumvi hadi usawa wa goti. Nikipaka rangi, miezi michache imebanduka. Uso wa nyumba unatazama magharibi, barabarani. Kuna ufa mmoja kwenye kona ya dirisha la sebuleni. Mama ana miaka 71, anatembelea mkongojo, na choo kiko nje. Nimejikusanyia milioni 30. Fundi aliyekuja kuangalia kasema nyumba imechoka, tubomoe, atanijengea ya kisasa yenye paa la kuficha. Kaka yangu anataka tuchimbe kisima na tufunge sola. Nasikia pia habari za ujenzi usioharibu mazingira. Mimi nataka nyumba ambayo wanangu hawataianza upya. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Jibu fupi: usibomoe. Anzia juu, ubadilishe paa. Kisha maji ya mvua uyapangie njia. Kisha utibu ukuta. Choo cha mama kiende pamoja na paa, kisisubiri foleni. Kisima mwambie kaka asahau. Sola ije mwisho, ila njia zake zitengenezwe sasa hivi. Jibu refu ndilo linalofuata, na ni refu kweli, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na huyo fundi. Simlaumu. Fundi huuza kazi aliyoizoea, na kujenga upya kwake ni rahisi kuliko kutibu. Lakini hebu hesabu ulichonacho. Una msingi uliokaa karibu miaka 40 na kumaliza kutitia kwake. Una jamvi la sakafu, una kuta, una linta, yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kwa anayejenga leo, pesa nyingi huzama hapo hapo, tena chini ya ardhi ambako hata mgeni hakusifu. Ukianza upya na milioni 30, kuna hatari kubwa zikuishie kwenye linta. Mitaa yetu imejaa mapagala ya namna hiyo: mpapai umeota sebuleni, nondo zimesimama juu zinaliwa na kutu zikisubiri ghorofa.

Na kwa kuwa umegusia mazingira, hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, si kwenye taa za sola. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka pale haitokani na makaa au gesi ya tanuru; inatoka ndani ya jiwe lenyewe linapoungua. Hata tanuru lingewashwa kwa umeme wa maporomoko, hewa hiyo ingetoka tu. Ukijumlisha viwanda vya saruji vya dunia nzima, vinatoa asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya ukaa inayosababishwa na watu. Tofali za baba yako zilishatoa fungu lao mwaka 1986. Ukizigeuza kifusi ukanunua nyingine, unaingia deni la pili kwa kitu ulichokuwa nacho mkononi.

Kitu kimoja tu kinaweza kunibadilisha mawazo: huo ufa. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, ni za lipu, zisikusumbue. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari, ukifuata viungo vya tofali kama ngazi, unasema ukuta ulisogea. Sasa swali: ulisogea zamani ukatulia, au bado unasogea? Kipimo chake hakina gharama. Tafuta kipande chembamba cha kioo, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Kwangua rangi na lipu hadi ulifikie tofali, kikandike kwa saruji ncha zote mbili, moja kila upande wa ufa, kisha andika tarehe pembeni kwa penseli. Kiache kipite masika yote. Kioo hakivutiki, ukuta ukisogea hata unywele, kinapasuka. Ukikikuta kizima mwezi Juni, ufa ni wa zamani, tutauziba tu. Kikipasuka, usinunue hata msumari kabla mhandisi hajaja akachimba kando ya msingi na kuona umekalia nini.

Kazi hii ina kalenda yake. Masika iachie kioo. Paa unalifumua kipupwe, kuanzia Juni. Ukuta unauchubua Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua kali. Kila kitu kikifuata msimu wake utaokoa pesa ambazo vinginevyo zingeliwa na maturubai.

Sasa paa, na hapa nitakaa muda mrefu kwa sababu karibu nusu ya milioni zako zitaishia huku, na zinastahili.

Joto la mchana ndani ya nyumba yenu halitoki ukutani kwanza. Linatoka juu. Bati la zamani, jeusi kwa kutu, saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60, na joto lile linamwagika kwenye dari, dari inawamwagia nyinyi. Mtu akiona hivyo anakimbilia kununua kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kinakula umeme wa kilowati moja au zaidi kidogo kikiwa kinavuta sawasawa. Pangaboi linakula wati 60 au 70. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unaendesha mapangaboi 15. Kwa hiyo kazi ya paa zuri ni kukufikisha mahali ambapo pangaboi linatosha.

Rangi ya bati kwanza. Najua mtindo wa sasa ni kijivu cha mkaa na hudhurungi iliyokolea, picha zinapendeza. Rangi hizo zinanywa jua. Chukua nyeupe, maziwa, au ya fedha isiyopakwa kitu. Majirani watasema umeishiwa; waache waseme huku wamelala kibarazani kwa joto.

Unene: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni karatasi. Kwa nyumba ya pwani, ambako hewa ina chumvi, nunua geji 28, na uulize bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Linavumilia chumvi kuliko lile la zinki tupu. Funga kwa skrubu zenye mpira, si misumari. Na simama pale fundi anapokata: asikate kwa grainda. Cheche za grainda zinaunguza ngozi ya bati, na vumbi lake la chuma likibaki juu linaanza kutu mvua ya kwanza. Mkasi wa bati unatosha. Hili dogo nimeliona likiua paa jipya ndani ya miaka mitatu.

Chini ya bati, kabla ya papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, tandika ile karatasi ya fedha inayorudisha joto, ilegee kidogo ili kuwe na nafasi ya hewa. Halafu acha matundu ya kupitisha hewa chini ya kingo za paa pande zote, na sehemu ya kutokea juu karibu na kipeo. Hewa ya moto lazima ipate mlango. Matundu yote yafungwe wavu wa mbu, na huu wavu usiwe wa kubania pesa. Huko kwenu Muheza, kijiji cha Magoda, zilijengwa nyumba za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa. Ndani palikuwa na nafuu ya joto na mbu walipungua sana. Wazo lilelile likapelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za ghorofa moja vijijini. Sikuambii ujenge ghorofa. Nakuambia hewa na afya si mambo mawili tofauti: chumba kinachopumua watu hulala ndani ya chandarua bila kukitupa saa sita usiku kwa joto.

Upana wa paa nje ya ukuta, huo ndio mwavuli wa nyumba. Usikubali chini ya sentimita 90. Nikuoneshe kwa nini. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, limeinama nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Paa lililotokeza sentimita 90 linaupa ukuta wa kaskazini kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu, yaani dirisha lote. Desemba jua likihamia kusini linainama nyuzi 18 tu, kivuli kinafika chini kabisa. Kwa hiyo kaskazini na kusini, paa pana linamaliza kazi.

Magharibi ni mambo mengine, na nyumba yako inatazama huko. Jua la saa kumi jioni halishuki kutoka juu, linaingia kwa ubavu, chini ya paa lolote. Haya nayajua kwa gharama yangu. Mwaka 2004 nilijenga yangu Dar es Salaam, nikaweka madirisha makubwa ya vioo magharibi kwa kuwa nilipenda kuliona jua likizama. Msanifu mzima! Miaka miwili baadaye pazia zimebabuka, kochi limepauka, na saa kumi na mbili jioni tunakula nyuma ya nyumba. Mwishowe nikajenga ukumbi mbele na kupanda miti, kitu ambacho wazee wetu walianza nacho. Basi wewe jenga ukumbi wa mita mbili upande wa barabarani, nguzo chache, paa lake lishuke chini kidogo kuliko paa kubwa. Mbele yake panda mti. Mwarobaini unakua haraka na hauchagui udongo. Mwembe una kivuli kizito lakini una subira yake. Mita tano au sita kutoka msingini, na usiwe juu ya mkondo wa choo.

Upepo. Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia mwezi Mei 2024, wengi walishangaa kama vile hakijawahi kutokea kitu cha namna hiyo. Zanzibar ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu. Si jambo la kila mwaka, lakini wewe umesema unajengea wanao. Paa la miteremko minne linahimili upepo kuliko lenye kuta mbili zilizochongoka. Na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zisilazwe tu juu ya ukuta kwa waya: zifungwe kwa vyuma bapa vilivyoshikwa kwenye linta. Wakati bati la zamani limeshuka, ndiyo nafasi yako pekee ya kuiona linta kwa macho. Kama mbao za zamani bado ngumu, ukizichoma kwa bisibisi haziingii, zitumie tena. Mbao za wakati ule mara nyingi ni nzuri kuliko za sasa. Mpya ziwe zimetiwa dawa kiwandani, si kupakwa oili chafu pale uwanjani. Mchwa wa Tanga hawaogopi oili chafu.

Na hilo paa la kuficha? Nitasema ninavyoamini. Ni paa la nchi isiyo na masika. Bati linalala karibu bapa nyuma ya ukuta, maji yote yanasukumwa kwenye mfereji mmoja wa ndani, na mfereji ule ukizibwa na majani maji hayana pa kwenda isipokuwa sebuleni. Niliitwa kwenye nyumba moja ya namna hiyo, mpya, maji yakitoka kwenye tundu la taa ya dari. Nilipopanda nikakuta ndala ya mtoto imeziba mfereji. Ndala moja. Tena paa hilo halina mwavuli kabisa: mvua inapiga ukuta, jua linapiga ukuta, rangi haikai. Na maji ya mvua unayoyahitaji huyapati kirahisi.

Hapo tumefika kwenye maji, na kwenye kisima cha kaka.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo. Hukuniambia ukubwa wa kiwanja, lakini kama ni cha 20 kwa 20 kama vingi vya mjini, basi hata ukiweka kisima kona hii na shimo kona ile ya mshazari, umbali ni mita 28. Haifiki. Na hatujahesabu mashimo ya majirani wa pande nne. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza maji hayo yatakuwa na nini. Ongeza na hatari ya kuvuta maji ya chumvi, bahari iko hapo tu.

Mvua, kwa upande mwingine, inakuja yenyewe mlangoni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako na kingo zake nakadiria mita za mraba 120. Tanga kwa mwaka wa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,200. Ukipoteza moja ya tano kwa kumwagika na kuvukia, bado ni lita 115,000. Huwezi kuzihifadhi zote wala huhitaji. Weka tangi la lita 10,000. Kwa familia ya watu watano, maji ya kunywa na kupika tu, lita 20 kwa mtu, tangi hilo linakupitisha siku 100 bila tone la mvua, yaani Januari na Februari na salio. Kufua na kumwagilia mtumie ya bomba yanapotoka.

Tangi liwekwe juu ya jukwaa la zege lililosawazishwa. Lita 10,000 ni tani 10, halikai juu ya tofali nne. Liwe upande wa kusini au kivulini. Kabla ya kuingia tangini, maji yapite kwenye bomba la kusimama lenye kizibo chini: mvua ya kwanza inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru, inajaa kwenye bomba hilo, ndipo safi yanapopita. Baada ya mvua unafungua kizibo unamwaga. Ya kunywa bado uyachemshe au uyatie dawa. Na paa la zamani lenye kutu na rangi usilivunie maji. Ndiyo sababu nyingine paa linatangulia.

Maji yanayozidi tangi yasiachwe yadondoke kando ya ukuta. Yapelekwe mbali kwa mtaro. Hili ndilo linalotuleta kwenye chumvi yako.

Kabla ya kutibu, pima. Kata nailoni ya saizi ya sahani, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, iache usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Ukikuta nje, ni hewa ya chumbani tu, fungua madirisha. Nina hakika kwako yatakuwa ndani. Mwaka ule wengi walijenga bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na mchanga wa ufukweni ulikuwa karibu na wa bure. Maji yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanabeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki, inavimba, inasukuma rangi. Ukipaka rangi ya mafuta au ukibandika vigae kuficha, unyevu haufi. Unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea. Ndiyo maana ilikuwa goti, na ukiiziba itakuwa kiuno.

Tiba. Zunguka nje ya nyumba uangalie ardhi: kwa miaka 40 ya kufagia na kumwaga kifusi, uwanja hupanda hadi ukalingana na sakafu. Chimba ushushe, ardhi iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na iteremke kutoka ukutani. Wakati mwingine hilo peke yake linamaliza nusu ya tatizo. Kisha, Januari, chubua lipu hadi mita moja kutoka chini, ndani na nje, acha tofali wazi wiki sita au nane. Chumvi inayotokeza ipigwe brashi kavu na ichotwe. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani. Ndipo upige lipu mpya ya chokaa, saruji kidogo tu, na mchanga wa mtoni uliooshwa. Chokaa inapumua, inaruhusu ukuta kukauka. Mji Mkongwe wa Zanzibar umesimama kwa chokaa, na kuta nyingi za kule zilianza kuugua zilipovishwa lipu ya saruji. Nyinyi mmekalia chokaa kabisa. Mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Juu yake paka chokaa au rangi ya maji ya kawaida.

Mchanga nao usimwamini dereva wa lori. Wazee walikuwa wanauonja kama una chumvi, na sioni aibu kusema bado nauonja. Kisha tia mchanga nusu chupa, maji yajae, tikisa, iache saa tatu. Ukiona tope limekaa juu ya mchanga kama safu nene, mrudishie.

Sasa mama. Choo cha nje kwa mtu wa mkongojo, usiku, mvua inanyesha: wewe unawapokea wodini wenye nyonga zilizovunjika, unajua. Ongeza chumba kidogo cha choo na bafu, mita 1.8 kwa 2.4, kiegemee chumba chake cha kulala. Mlango sentimita 90, siku moja kitapita kiti cha magurudumu. Kusiwe na kizingiti. Sakafu ya bafu iteremke polepole kuelekea kwenye tundu la maji. Bomba la kushikia ukutani lifungwe kwenye tofali, si kwenye lipu. Mlango mkubwa wa mbele, badala ya ngazi mbili, mteremko wa mita moja kwa kila sentimita 8 za kupanda.

Chumba hicho kidogo ndicho mahali pa kujaribu tofali za udongo za kufungamana, zile zinazoshindiliwa kwa mashine kwa saruji kidogo bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza kwa miaka mingi. Hazichomwi kuni, na zinapangwa kwa udongo mdogo sana katikati. Zikae kivulini zikimwagiliwa angalau wiki mbili kabla ya kujengea. Fundi mwenye haraka huziharibu hapa. Kozi za chini ziwe za saruji, na ndani ya bafu piga lipu isiyopitisha maji. Ukuta mpya usiuume ukuta wa zamani meno kwa meno. Acha mwanya wa sentimita moja katikati ujazwe kitu laini, maana msingi mpya utatitia, wa zamani hautatitia tena, na ukivifunga pamoja utaniandikia tena kuhusu ufa wa pili.

Umeme nitaumaliza haraka. Nyaya za 1986 zitolewe zote wakati dari imeshuka, na fimbo ya ardhini iwekwe upya ipimwe. Mwambie fundi umeme atenganishe nyumba mafungu mawili tangu kwenye boksi: fungu la taa, mapangaboi, friji na chaji za simu; na fungu la pasi, jiko na vitu vizito. Apitishe pia bomba tupu kutoka kwenye paa la kaskazini hadi karibu na boksi. Mkono wa kaskazini ndio unaofaa kwa sola upande wetu wa ikweta. Siku mkipata pesa, mtanunua mtambo mdogo wa fungu la kwanza tu, bila kuvunja ukuta. Betri ziwe za lithiamu. Zile za asidi zina bei ndogo dukani lakini kila miaka mitatu au minne mnanunua tena. Kwa sasa, pesa ambayo kaka alitaka kuiweka kwenye sola inunue jiko la umeme la presha. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, lakini wewe huna haja ya kusubiri: maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, na mama hakai kwenye moshi.

Kioo kibandike wiki hii, kabla mvua hazijashika. Kisha panda ngazi na tochi, au mpandishe kijana mwepesi, achungulie darini: nataka kujua kenchi ni za mbao gani, zimeachana umbali gani, na kama linta imezunguka nyumba nzima au imekatika juu ya milango tu. Niandikie hayo matatu pamoja na vipimo vya kiwanja, na mwezi Juni uniambie kioo kilivyoamka.